Siku Drocella Alilala Muchana

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimerudi masomoni! Mimi, Sebarenzi, muntu mwenye mutoto aliyekwisha kuolewa, muntu mwenye magoti yanayolia akiinama. Leo njo nimeanza mafunzo ya sanaa hapa Kashebere, ndani ya depo ya zamani ya mihogo ambayo watu wa parokia wameipaka chokaa. Nusu ya wanafunzi ningeweza kuwazaa. Mwalimu wetu, Mamzele Astrid, naye ningeweza kumuzaa. Anatoka Goma, anavaa miwani, anasema polepole sana. Nikinyoosha mukono anasema: ndiyo, Papa Sebarenzi. Nikajikuta nasimama wima, mikono nyuma, kama zamani.

Drocella, bibi yangu, alikubali kwa sharti moja. Nimuchore. Si kama alivyo sasa. Huyo, anasema, anamuona kila asubuhi ndani ya maji ya beseni. Anataka vile alivyokuwa siku ya ndoa yetu. Foto ya ndoa ilibaki ukutani siku ile tulipokimbia vita. Mimi nilibeba godoro. Hajanisamehe mupaka leo. Lakini lilikuwa godoro zuri! Bado tunalilalia! Anajibu kwamba godoro haliwezi kuwaonyesha wajukuu kwamba naye alikuwa bibi arusi.

Telefone haisaidii hapa. Telefone haipigi foto ya zamani. Muntu mwenye aliiona sura ile kwa karibu kuliko wote ni mimi. Kama mwisho wa mwezi hajajitambua kwenye karatasi, masomo yamekwisha, narudi kwenye jembe, kreyo zangu za kuchorea zinaingia motoni. Aliyasema akicheka. Drocella akisema kitu akicheka, njo iko kweli.

Jambo moja sijamuambia. Siikumbuki! Nakumbuka mvua. Nakumbuka viatu vya kuazima vilivyonibana. Nikifumba macho nitafute sura yake, inakuja ile ya leo, na kitambaa cha shamba kichwani. Ole wangu.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Mamzele ametoa kazi ya wiki. Maneno mawili ya Kifaransa: nature morte. Kila muntu achague yake, achore, alete Jumatatu. Nafikiri alieleza pia, lakini saa ile nilikuwa nachonga kreyo. Wote wakaandika kwenye kaye, nami nikaandika, nikatikisa kichwa kama muntu aliyekwisha kuchora nyingi. Kuuliza? Hapana! Siku ya kujiandikisha nilimuambia kwamba Kifaransa nilikimaliza.

Adui yangu darasani ni Kasika. Mufanyabiashara wa kutoka Butembo, mwenye duka barabarani: sabuni, misumari, chumvi, yote. Ana rangi za mafuta ndani ya kisanduku cha chuma. Na ananiita muzee, yeye mwenye upara! Tulipotoka nikapita dukani kwake. Sikumuuliza. Nilisema tu kwa hekima, hii nature morte wewe unaionaje? Akaniangalia. Akasema kwa heshima kubwa kwamba, muzee, morte njo kufa. Ni lazima kitu chenye kimekufa, na kikiwa kikubwa pointi zinapanda. Halafu akaingia nyuma ya mifuko ya chumvi, akakohoa muda murefu. Ana kifua kibaya, masikini.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Nimefikiri mupaka kichwa kinauma. Kuku? Kuku ni ya watoto. Kasika atachinja ng'ombe, nina hakika, uwezo anao. Kumushinda Kasika inataka muntu. Muntu aliyekufa. Na kwenye kilima chetu, kwa bahati mbaya, watu wote iko wazima. (Mungu anisamehe, nimeandika bahati mbaya.)

Isipokuwa muzee Habineza. Tangu mvua kubwa hajasimama. Watoto wake wanamubeba hata kwenda chooni. Nikaenda kumusalimia na ndizi. Nikakaa karibu na kitanda, nikafunga jicho moja, nikainua kidole gumba kupima pua yake, vile Mamzele alitufundisha. Akauliza napima nini. Nikasema imani yake. Akala ndizi zote. Akasema anasikia nafuu kabisa, nirudi kesho na avoka. Nikatoka na huzuni. Halafu nikaona haya kwa sababu ya huzuni yenyewe.

Nyumbani, Drocella akauliza kwa nini uso umeanguka. Nikamueleza yote. Akaacha kuchambua maharagi, akaniangalia. Akasema kama shida ni muntu wa kulala bila kutikisika, yeye atalala. Tangu nimuoe hajalala muchana hata akiwa mugonjwa. Acha ajaribu mara moja. Jamani! Ni mwanamuke gani huyu anayekubali kufa kwa ajili ya masomo ya bwana yake?

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Lazima niandike haya leo leo.

Nilipanga kila kitu vizuri. Godoro nikalileta chumba cha mbele, karibu na dirisha, tupate mwanga. Shuka nyeupe. Kitambaa cha kufunga kidevu. Pamba puani, kwa sababu Mamzele anapenda ukweli. Drocella akalalamika kwamba pamba inawasha. Halafu akafumba macho. Halafu akanyamaza. Kumbe amelala kweli! Alikuwa amechoka. Miaka hii yote alikuwa amechoka, na mimi nilikuwa na mipango ya biashara tu: sungura, uyoga, mashine ya kunyoa.

Nikaanza kuchora. Na hapo njo kitu kilitokea. Usingizi ulipomushika sawasawa, uso ukalegea. Ile mikunjo ya kukaza macho shambani ikaondoka. Mudomo ukatabasamu kidogo. Nikamuona! Yule wa siku ya ndoa! Yule aliyesimama kwenye mvua mbele ya kanisa akicheka viatu vyangu. Alikuwa humo siku zote, mimi sikuwahi kuketi nimuangalie. Nikachora mbiombio kabla hajaondoka tena. Machozi yakaanguka kwenye karatasi. Siyafichi. Nilimupenda sana saa ile.

Sasa, Nyiransengimana. Jirani yetu, mama wa kwaya, mwenye sauti inayofika Buleusa bila telefone. Alikuja kuomba chumvi. Akachungulia dirishani. Akaona shuka, pamba, kidevu kimefungwa, na mimi juu yake nalia. Sikumusikia akija. Nilimusikia akiondoka!

Nikakimbilia mulangoni kumuita. Nikapiga kelele kwamba Drocella amelala tu, amelala tu! Akalia zaidi. Muda kidogo kilima kizima kilikuwa kinapanda kwetu. Wakaja na kuni za kilio, na maharagi, na viti vya kanisa. Kwaya ikajipanga kwa sauti. Katekista akanishika mabega. Nikamuambia hajakufa. Akasema ni kweli, ndugu, mbele ya Bwana hajakufa. Nikasema ni masomo. Akasema ni kweli, kifo ni masomo makubwa. Wakaniketisha kwa nguvu.

Na Drocella? Drocella aliamuka kwenye wimbo wa kwanza. Niliziona kope zikitikisika. Nikamukonyeza. Hakuinuka! Mwanamuke huyu aliendelea kulala pale ili asikie wanamusema nini. Wakasema mengi. Kwamba muntu akipatwa na shida, yeye njo alikuwa wa kwanza kufika. Kwamba ukimuomba chumvi anakupa na pilipili. Nyiransengimana akasema marehemu alikuwa na taabu moja tu maishani mwake, na watu wote wakageuka wakaniangalia mimi.

Halafu wakataka bwana wa marehemu aseme neno. Nikasimama ili nieleze mambo ya nature morte. Kweli nilitaka! Lakini macho yakamuangukia, na kinywa kikasema mengine. Nikasema sijui namna ya kuishi ndani ya nyumba asiyokuwemo. Nikasema siku ile ya kukimbia nilibeba godoro kwa sababu alikuwa na mimba ya Aimée, mutoto wetu, na sikutaka alale chini. Sikufikiria foto. Nilifikiria mugongo wake.

Hapo marehemu akachomoa pamba puani, akaketi, akaniuliza kwa nini sikumuambia siku zote hizo.

Aaah! Viti vikaruka! Kuni zikabaki, maharagi yakabaki, kiatu kimoja cha katekista kikabaki. Na muntu wa kwanza kufika chini ya kilima alikuwa muzee Habineza, yeye aliyeletwa amebebwa. Tangu hapo anatembea. Watoto wake wamekuja kunishukuru.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Kanisani wanatupisha njia. Watoto wanamugusa Drocella kwa kidole, wanakimbia. Yeye anafurahi sana. Maharagi amekataa kuyarudisha. Anasema alipewa yeye, na hajasikia marehemu mwingine aliyebahatika kula maharagi ya kilio chake. Nyiransengimana hasemi nami. Chumvi lakini amekuja kuichukua.

Drocella ameomba kuona picha. Nimekataa, nimesema mupaka Mamzele aweke pointi. Uongo. Ni woga. Akisema huyu si yeye, masomo yamekwisha, na mimi nimeyapenda masomo haya jinsi ambavyo sijapenda hata uyoga.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Siku ya kuonyesha kazi. Kasika akaweka mezani avoka, mukate na chupa, vimechorwa kwa rangi za mafuta. Nikacheka moyoni. Hakuna chenye kimekufa hapo! Mwingine akaleta sufuria na vitunguu. Mwingine ndizi. Masikini, nikasema, wote wamekosea.

Kisha yangu. Wote wakasogea kuiona. Mamzele akavua miwani, akaipanguza, akaivaa tena. Akaeleza polepole kwamba nature morte ni vitu tu: matunda, chungu, chupa, vitu vyenye vinakaa mezani. Kasika akatoka nje kukohoa.

Mamzele hakucheka. Aliangalia karatasi muda murefu. Akasema lazima aniwekee sifuri, kwa sababu hii si nature morte hata kidogo. Akauliza huyu mama ni nani. Nikasema ni bibi yangu. Akauliza kama naweza kumuachia picha kidogo aendelee kuiangalia mupaka somo liishe. Nikamuachia.

Somo likaisha, nikarudi nyumbani na picha na sifuri yangu. Drocella alikuwa mulangoni. Akaishika karatasi kwa mikono miwili, akaipeleka kwenye jua. Akaigeuza huku na huku. Kuku zikapita. Nikaanza kuagana na kreyo zangu moyoni. Mwishoni akasema siku ya ndoa hakuwa na pamba puani.

Nilisahau kuifuta pamba! Bure kabisa mimi!

Halafu akaketi pale pale mulangoni, akalia. Akasema njo mimi. Njo mimi kabisa. Ulinikumbuka. Nikasema sikukusahau hata siku moja. (Haiko kweli, lakini Mungu alikuwepo siku ya Alhamisi, ameona.) Tumeitundika ukutani, pamba na yote. Amekataa niifute, anaogopa nitaharibu na pua.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Somo jipya! Point de fuite. Mamzele alieleza sana ubaoni, alichora barabara na miti vinavyopungua mupaka vinakutana kwenye nukta moja mbali, lakini saa ile nilikuwa nachonga kreyo, na tena hakuna haja, haya maneno nayajua. Fuite njo kukimbia. Nani huku hajui neno hilo? Point njo mahali. Basi ni mahali pa watu kukimbilia. Rahisi!

Nikapita kwa Kasika, si kwa kuuliza, kwa kuhakikisha tu. Akasema, muzee, safari hii umeshika sawasawa, na wakikimbia wengi pointi zinapanda. Kifua chake kimezidi. Nimemushauri atafune tangawizi.

Mupango uko tayari. Kesho asubuhi nitakaa na karatasi yangu juu ya jiwe, na Drocella atashuka kilima mbio, godoro kichwani, sufuria mukononi, akiangalia nyuma. Kesho ni siku ya soko, barabara itajaa watu. Muzuri sana, watamupisha. Hakuna haja ya kumuambia muntu. Ni masomo tu, kila muntu ataelewa.

Drocella alicheka mupaka akashika ukuta. Halafu akauliza avae kikwembe gani. Amekubali kwa sharti moja: yeye abebe godoro, lakini safari hii mimi nibebe picha ya ukutani.