Ganzi Jikoni kwa Bwana Lin

Jumatatu, 9 Juni 2025
Naandika kwenye daftari la hesabu la mwanangu Noela. Kurasa zimebaki nyingi, hesabu zenyewe hazipati. Kambi ya Wachina wa mgodi hapa Ushirombo inatafuta mpishi. Lazima niwe mimi! Kuponda mawe ya dhahabu kumenimaliza kifua. Nakohoa mpaka mwanangu anaacha kula aje kunipigapiga mgongo. Nimemwambia Bwana Lin, mkubwa wa kambi, kwamba chakula cha kwao nakijua tangu zamani. Sijawahi hata kukinusa. Mpinzani ni Mama Kudra, aliyewapikia Wachina wa barabara kule Ushetu. Anatembea kama amemeza mwiko.

Jumanne, 10 Juni
Nimemchungulia Mama Kudra akijifua, mimi nyuma ya ua wa minyaa. Samaki wa mvuke, tangawizi, chumvi kidogo, basi. Utomvu wa minyaa umenidondokea mkononi, nawashwa. Lakini siri ninayo!

Jumatano, 11 Juni
Majaribio. Tumepika kitu kimoja, mimi na yeye. Bwana Lin kaonja sahani zote mbili, akanitazama kwa huruma.
"Mama Noela, nani anaumwa?"
Kumbe wale wa Ushetu walikuwa wa Kantoni, wanaotaka samaki abaki na ladha yake mwenyewe. Huyu ni wa jimbo la Sichuan. Akatueleza kwamba kwao kumezungukwa na milima, ukungu na unyevu haviishi, ndiyo maana watu wanakula vikali watoke jasho. Pilipili hizi za kawaida zililetwa kutoka ng'ambo, muda si mrefu sana kwa hesabu zao. Ya kwao tangu enzi ni nyingine, vipunje vya mti wa miiba, vinatia mdomo ganzi. Bila ganzi hajala.
Kasema turudi Ijumaa. Njia nzima nawaza: mdomo wangu mimi uliwahi kufa ganzi wapi?

Alhamisi, 12 Juni
Jino! Mama mkwe wangu, Limi, alinitafunisha gome la mti wa mlungulungu jino liliponiuma, ulimi ukalala nusu siku. Nao una miiba! Nimekwenda kumwomba mbegu zake za kupikia. Akagoma.
"Mayu, mama yangu, hiyo ni dawa. Nani anaunga dawa kwenye mboga?"
Nikashika shavu, nikasema basi, jino limerudi. Maskini, amenipa mfuko mzima na kuniombea.

Ijumaa, 13 Juni
Kuku, pilipili kichaa, mbegu kiganja kimoja. Bwana Lin ametafuna. Macho yakalowa. Nikajua nimemuua.
"Nyumbani," akasema.
Kazi yangu! Nimelia, nikajifuta kwa mkono wa pilipili, nikalia upya.

Jumamosi, 14 Juni
Siku ya kwanza, watu hamsini. Nikawaza, kiganja kimoja kimemliza mkubwa, je mfuko mzima? Si watanijengea na nyumba! Nikamimina wote.
Saa saba kambi nzima kimya. Fundi wa mashine alitaka kupiga kelele kwamba jiwe limekwama, ikatoka sauti ya ndama. Kazi ikasimama. Bwana Lin kanifokea muda mrefu, udenda unamtoka, sikuambulia neno.
Mpishi sasa ni Mama Kudra. Mimi naosha masufuria chini yake.
"Shoga, hilo bado lina masizi," ananiambia. Siyaoni.

Jumapili, 15 Juni
Angalau maji hayana vumbi. Tangu jana sijakohoa, Noela amemaliza ugali wake ukiwa wa moto.
Amefika mgeni kambini, Bwana Shen, anataka mpishi wake mwenyewe. Kwao ni Jiangsu, wanapenda nyama yenye utamu kidogo. Nimemwambia chakula hicho nimekipika tangu utoto.
Kosa langu nimeshalijua: zile mbegu zilikuwa kali. Sukari haijamdhuru mtu. Nimemwagiza Masalu wa dukani, na safari hii naweka kidogo tu. Mfuko mmoja, ule wa kilo ishirini na tano.