Kilo Sita za Ijumaa

Jumatatu, 4 Machi

Leo naanza upya. Safari hii sitanii. Kifungua kinywa: yai moja la kuchemsha, chai bila sukari. Nilijiona mtu mwingine kabisa hadi saa nne, ilipokatwa keki ofisini ya kumuaga dereva anayestaafu. Kipande cha kwanza nilikula kwa heshima ya mzee. Cha pili kilikuwa chake mwenyewe, kwa kuwa ana kisukari, na chakula hakitupwi.

Kisha meneja wa ofisi yetu ya vifurushi akatangaza kwamba Ijumaa tutapimwa uzito sote, kwenye mizani ya vifurushi, hadharani. Eti mwaka huu ni wa afya. Mimi nitatangulia, tena nitoe nasaha, maana picha yangu ndiyo iliyo ukutani juu ya birika la chai. Ilipigwa mwaka jana nilipopungua hadi kilo themanini na tatu. Chini yake pameandikwa MFANO WA KUIGWA. Sijawahi kushinda kitu kingine maishani. Mama watoto huwasimulia wageni habari za picha hiyo kabla hawajakaa.

Jioni nikajipima kisirisiri. Tisini na mbili.

Jumanne, 5 Machi

Mbio za asubuhi. Nilifika hadi duka la vifaa vya ujenzi, kama mita mia mbili, nikainama kufunga kamba za viatu kwa dakika kumi. Karani wa dirisha la mapokezi akanipita akikimbia, wala hahemi. Tunamwita Sindano. Anakula kuliko mimi na haongezeki hata gramu. Akauliza kama ndiyo naanza au namaliza. Nikasema namaliza.

Ofisini akasimama chini ya picha, akaitazama, akanitazama mimi, akairudia picha. Akauliza kama huyo ni mdogo wangu. Watu walicheka hadi chai ikawapalia. Iliniuma, sifichi.

Chakula cha mchana: kabichi. Chakula cha mchana cha pili: sina la kusema.

Jumatano, 6 Machi

Siku mbili za mateso, na sasa nina kilo tisini na tatu. Nimeongezeka! Basi jasho tuliweke kando, tutumie akili.

Nimekuwa mpimaji wa vifurushi miaka kumi na mmoja. Nyuma ya mizani kuna kidude cha kurekebishia ambacho hakuna mwingine anayethubutu kukigusa. Wenzangu walipotoka nikakizungusha kidogo, nikapanda. Themanini na saba. Kilo sita zimeyeyuka nimesimama tu. Nikarudi nyumbani napiga mluzi, nikala wali sahani mbili. Mama watoto alishukuru kwamba hamu ya kula imenirudia.

Alhamisi, 7 Machi

Nilisahau kwamba mizani ile pia hupima vifurushi.

Mzigo wa kwanza: vitabu, kilo nne. Mizani ikasoma mbili chini ya sifuri. Nikaufunika mshale kwa kiganja. Mzigo wa pili: gunia la misumari, limeandikwa kilo ishirini ubavuni. Mizani ikasema kumi na nne. Mwenye gunia akaja juu, akidai tumemwibia misumari, tena akataka tumwoneshe mifuko yetu. Meneja akatoka, akapima, akapima tena, akagundua kwamba mizani inapunja kilo sita. Mimi nikashangaa kuliko wote.

Fundi wa mizani atafika Jumatatu. Kwa sasa meneja amebandika karatasi kwenye mizani: ONGEZA KILO SITA.

Mchana kutwa roho ilikuwa juu. Fundi akija atajua kidude kimechezewa, na mchezaji ni mmoja tu. Jioni nikakirudisha mahali pake barabara. Nalala mapema, mweupe moyoni kama mtoto.

Ijumaa, 8 Machi

Ile karatasi! Sikuikumbuka.

Nasaha zilikwenda vizuri. Niliwaambia watafune kila tonge mara thelathini. Wakapiga makofi. Nikapanda. Meneja akasoma tisini na tatu, akavaa miwani, akanyoosha kidole kwenye karatasi, akaongeza sita. Tisini na tisa. Akaiandika ubaoni.

Nilifumbua mdomo kusema kwamba mizani iko sawa. Ningeulizwa nani kaitengeneza. Nikaufumba.

Wote wakaongezewa sita. Meneja alipoona uzito wake alitafuta kiti. Mfagizi alilia. Sindano hakulia wala hakucheka, aliikodolea mizani tu. Kisha meneja akaishusha picha yangu kwa mkono wake, akasema ni kwa muda. Ukutani umebaki msumari.

Sikumwambia mama watoto. Kwa majonzi niliyokuwa nayo nilikula mara moja tu.

Jumatatu, 11 Machi

Fundi amekuja, akafungua, akachungulia, akafunga. Akasema mizani ni nzima, akaondoka. Meneja alikuwa kwenye simu, akadhani imetengenezwa. Akabandua karatasi, akaamuru tupimwe upya.

Kila mtu amepungua kilo sita! Mfagizi akaapa kwamba tangu Ijumaa anatafuna mara thelathini. Meneja naye kumbe alikuwa akitafuna. Nilipigiwa makofi. Picha ikafutwa vumbi, ikarudi msumarini.

Sindano akanivuta pembeni. Akasema Ijumaa, kabla sijapanda, mizani tupu ilisoma sifuri badala ya sita chini ya sifuri, na leo pia imesoma sifuri, na yeye kuhesabu anajua. Akasema atanyamaza kwa sharti moja: kuanzia kesho nikimbie naye kila alfajiri, tena tulipite lile duka. Nikakubali. Niliapa, hata.

Sasa niko nyumbani nimetulia, nimefikiri. Ijumaa tisini na tisa, leo tisini na tatu. Imeandikwa ubaoni kwa mkono wa meneja. Kilo sita kwa siku tatu! Kwa mwendo huu mbio zitaniua, na mwisho wa mwezi sitaonekana kabisa. Kesho nitamwambia Sindano goti linauma.

Mama watoto ameuliza aniongezee wali vijiko vingapi. Nimemwambia sita.