Natazama Nywele Tu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Naandika kwa sababu nyumba hii haina wa kunisikiliza. Mke wangu Mwanakombo kaona simu yangu. Hakuipekua, nikiri hilo. Niliiacha mezani inacheza yenyewe, nikaenda kunawa. Niliporudi alikuwa ameishika kwa vidole viwili, mbali na uso. Kwenye kioo dada mmoja wa singeli yuko kazini, na nguo aliyovaa isingetosha leso.

Nikamwambia mimi ni kinyozi. Natazama nywele tu. Mitindo inabadilika kila wiki, nisipotazama nitaachwa. Akaitazama tena ile video. Akauliza nywele ziko wapi, mbona picha yenyewe imeanzia kiunoni.

Nikakasirika, maana hasira ndiyo iliyokuwa karibu.

Hakupiga kelele. Bora angepiga! Alisema wale wachezaji wasionyeshwe sebuleni, mtoto wetu Talha ana miaka sita na ana macho. Akasema nipunguze kurasa ninazofuata, kwa sababu kila nikiinua uso kutoka kwenye simu namtazama yeye kama chakula ambacho sikuagiza. Halafu sauti ikampungua. Akasema kama napenda sana kufuata kurasa, mbona ule unaoweka kazi zake za hina ameniambia mara chungu nzima na sijaufuata. Ni ukurasa wa binamu yake Raudha, mwenye saluni ya maharusi kule Mbezi Beach. Alhamisi na Jumamosi Mwanakombo huenda huko kupaka watu hina na kuwasugua mwili kwa singo. Jina la ukurasa alilitaja. Limenitoka.

Kosa langu nini? Sijamgusa mtu. Natazama. Mwanaume asiyetazama ni kipofu, au ni Didas.

Didas ni kinyozi wa ng'ambo ya barabara, mtu wa Bukoba, mpole wa kukera. Kaondoa video za muziki kwenye luninga yake, kaweka wanyama. Nyumbu wanavuka mto kutwa nzima. Kina mama wote wa Tandika wanapeleka watoto wao kwake. Mimi nimebakiwa na vijana waliokalia kochi langu wanaangalia bure, vichwa vimeshanyolewa tangu wiki iliyopita.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata dawa yake!

Mwanakombo ana tamthilia yake ya Kituruki, ile iliyotiwa sauti za Kiswahili. Mle ndani kuna bwana mmoja anapasua kuni bila shati. Nchi ya baridi ile! Jioni nilikaa naye makusudi. Yeye anafuma kitambaa cha meza kwa kroshia, mguu juu ya kigoda. Nyumba nzima imejaa vitambaa vyake na mito yake ya kutarizi, hata glasi huna pa kuiweka. Nikasubiri shati livuliwe. Likavuliwa. Nikasimama, nikanyoosha kidole. Nikauliza, na huyu je? Naye tunamtazama nywele?

Nilikuwa nimejipanga. Atajitetea, nitajitetea, tutapatana kila mtu abaki na wake. Akachukua rimoti, akazima. Akasema sawa, kama inakuumiza basi, mie naacha.

Hakununa hata kidogo. Aliinama tu akalikuna lile kovu la mguuni. Aliungua na ekzosi ya pikipiki yangu zamani, siku nampeleka kwao Mbagala nikajitambulishe. Kila akinishinda hulikuna.

Nimekereka mno. Mtu anaachaje kitu hivi hivi, bila hata kukipigania? Sasa tunaangalia taarifa ya habari. Waziri anafungua kisima.

Jumatano, 6 Agosti

Leo nimeacha kufuata zile kurasa zote, moja moja, mbele ya macho yake. Nikimaliza moja namwonyesha. Alifurahi. Alipika wali wa nazi na kibua wa kukaanga, akanitengea kipande cha kichwa. Nikala kwa raha zote.

Baada ya kula nikaenda chooni na simu, nikafungua akaunti nyingine. Jina: Bwana Utulivu. Ilitakiwa picha. Uso wangu haiwezekani. Nikatoka nikapiga picha yale maua ya plastiki juu ya kabati la luninga, pamoja na kitambaa cha kroshia kilicho chini yake. Maua tu. Kila sebule kutoka hapa hadi Mbagala ina maua kama yale. Nani atajua?

Akina dada wote wamerudi. Wamenipokea vizuri.

Doa moja: Talha karudi kanyolewa. Kanyolewa kwa Didas! Mtoto wa kinyozi! Mama yake anasema mtoto mwenyewe alitaka kuona mamba. Nilimuuliza kama anajua wateja wangu wataninena vipi. Akaniuliza wateja gani.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Kaanza tena. Kaniuliza kwa nini siku hizi nakaa chooni muda mrefu, na kwa nini choo kinapiga muziki. Nikaona haya mambo yanataka mkubwa. Nimekwenda Mtoni kwa somo wake, Bi Zubeda.

Bi Zubeda ndiye aliyemfunda Mwanakombo kabla ya ndoa. Mpaka leo mambo ya chumbani yakienda upande hupelekwa kwake, si kwa wazazi. Na kwa somo huendi mikono mitupu, unampelekea doti ya kanga. Sikuwa na haja ya kuzunguka madukani. Ndani ya sanduku la Mwanakombo kulikuwa na doti mpya kabisa, haijapindwa hata pindo. Anazo nyingi, hataona.

Nikampa shikamoo, nikampa kanga. Aliipokea, akaigeuza, akaitazama kwa muda. Akasema ahsante, inamkumbusha Idi. Nikaeleza shida yangu. Nikasema mwanao kapoa, ana wivu na picha, anapigana na watu ambao hata hawamjui. Nikamwomba amkumbushe kazi yake.

Alitafuna tambuu yake mpaka nikamaliza. Kisha akauliza, "Mwanangu Mfaume, leo asubuhi mwenzio kavaa nini?"

Nikasema dera. Akauliza la rangi gani. Nikasema la kawaida. Akasema hiyo kawaida ni rangi ngeni kwake, labda imeingia juzi. Halafu akaniambia niende, atazungumza naye.

Ushindi! Nimerudi napiga mluzi.

Jumapili, 10 Agosti

Mwanakombo ana mambo ya ajabu. Jana alikwenda Mbezi Beach kama kawaida yake, na tangu arudi nyumba inanuka udi. Jioni hii kavaa asumini kichwani. Kapita kati yangu na luninga. Karudi, kapita tena. Kisha akaja kukaa karibu yangu kabisa, akanyoosha mguu juu ya kigoda na kulivuta dera juu kidogo, akakaa anasubiri sijui nini.

Nikamwomba autoe mguu, alikuwa amekanyaga waya wa chaji.

Nikaona hapa kuna ombi la pesa linakuja. Nikatoka barazani. Na huko, jamani, ndiko Bwana Utulivu alikopata riziki yake. Ukurasa mmoja wa mambo ya maharusi umejileta wenyewe. Picha ya mguu. Mguu peke yake! Hina imepanda maua na majani mpaka kwenye shavu la mguu, kikuku cha fedha kimelala kifundoni, na juu yake kuna kikovu kidogo cha mviringo. Nimetazama wachezaji wa kila aina, lakini mguu ule uliniondoa barazani. Unajua wenyewe kuwa ni mguu.

Nikapenda. Nikaandika: "Mashallah! Mwenye mali hii analalaje? Hata hilo kovu limekaa kama pambo. Sie wengine tumeoa magogo ya mnazi."

Watu wakacheka, wakanipa mioyo. Niliporudi ndani Mwanakombo alikuwa chumbani na simu yake. Alinitazama, akatazama simu, akageukia ukutani. Sikuuliza. Wanawake wana siku zao.

Jumatatu, 11 Agosti

Kaondoka! Nimefungua saluni asubuhi, nimerudi mchana kula, hakuna mtu. Kamchukua Talha. Kachukua begi moja, nguo chache, na kitambaa cha juu ya kabati la luninga. Maua ya plastiki yamebaki kwenye mbao tupu. Luninga kaiacha. Nimejiuliza sana, mtu anayekimbia nyumba anakwenda wapi na kitambaa?

Nikapiga simu, hapokei. Nikaona nijipoze. Nikaingia kwa Bwana Utulivu. Chini ya maneno yangu, ule ukurasa umenijibu mbele ya watu wote:

"Ahsante, Bwana Utulivu. Mwenye mguu anasema chai yako iko kwenye chupa."

Nikasoma mara ya kwanza nikacheka. Nikasoma tena. Nikaenda jikoni. Chupa ipo. Nikaifungua. Chai ipo, ina iliki, bado ya moto.

Nimekaa chini sakafuni. Leo sitaki kuandika zaidi.

Jumatano, 13 Agosti

Bi Zubeda kaniita. Nimekwenda nimevimba. Nilitaka kujua nani aliyeruhusu mguu wa mke wangu utolewe nje. Watu wamependa! Wanaume! Kuna mmoja wa Tabata kaweka alama ya moto mara tatu! Mimi niko hapa natafuta riziki, na watu wamejazana kwenye mguu wangu!

Akasubiri nikapumua. Akaniambia ni mimi niliyekuja kulalamika, na yeye alimwambia mwanawe ajipambe. Kule saluni walikuwa hawana bibi harusi wa kumpiga picha siku hiyo, Mwanakombo akajipiga mwenyewe picha ya mguu, bila uso, bila jina. Aliuleta nyumbani ule mguu kabla mtu yeyote hajauona mtandaoni. "Alikunyooshea," akasema Bi Zubeda. "Wewe ukaona waya."

Nikauliza wamejuaje kuwa Utulivu ni mimi. Akasema Mwanakombo alikitambua kitambaa chake kwenye ile picha ndogo ya duara, ndogo kama kidonge. Kilimchukua Ramadhani nzima kukifuma.

Kitambaa kimoja!

Akaongeza kuwa ile doti ya kanga ni yeye aliyempa Mwanakombo, Idi iliyopita.

Lakini mlango haujafungwa. Ijumaa baada ya sala niende Mbagala kwa mama mkwe. Mwanakombo ataniuliza jambo moja tu. Nikijibu, anarudi nyumbani na Talha. Nikishindwa, atabaki kwao, na mazungumzo yatakayofuata yatakuwa ya wazee na talaka.

Namtaka arudi. Naliandika hapa ambapo hakuna atakayeliona. Nyumba haina sauti, na ule wali mimi siwezi kuupika.

Ijumaa, 15 Agosti

Nilijiandaa kuliko nilivyojiandaa kwa mtihani wa darasa la saba. Siku mbili nimekaa na ile picha. Saluni nimefunga, wateja wamekwenda kwa Didas kutazama nyumbu, shauri yao. Nimeyakariri maua. Nimekariri majani yanapandia upande gani. Nimehesabu vikengele vya kikuku. Hakuna mwanaume Temeke nzima anayeujua mguu wa mkewe kama mimi.

Nikaenda na kanzu. Nikampa mama mkwe shikamoo, akaniitikia akiwa anatazama ukuta. Mwanakombo kakaa mkekani, miguu kaifunika kanga. Kakonda. Bi Zubeda yuko pembeni na tambuu yake.

Sikungoja kuulizwa. Nikaanza kumwaga. Ua kubwa liko wapi, madogo yako wapi, ncha ya jani inagusa wapi. Nikasema kovu lake nalipenda. Uso wake ukalegea, nikaona kabisa. Bi Zubeda akatikisa kichwa kukubali. Nilishaanza kuwaza jinsi ya kubeba begi.

Mwanakombo akaniuliza taratibu, "Baba Talha, kovu langu liko mguu upi?"

Rahisi! Nikafumba macho, nikaiona picha yote. Nikasema kwa sauti ya kusikika hadi uani: kushoto!

Bi Zubeda akaacha kutafuna. Mwanakombo akafunua kanga.

Kulia.

Ekzosi ya ile pikipiki ilikuwa kulia. Niliiendesha miaka mingi. Picha alijipiga mwenyewe kwa kamera ya mbele, na kamera ya mbele hugeuza upande, kulia inaonekana kushoto.

Hakunifokea. Alisema siku ile nilisimamisha pikipiki pale Kizuiani, nikapiga magoti kwenye vumbi na suruali yangu mpya, nikaupuliza mguu wake mpaka watu wakasimama kutazama. Alisema hiyo ndiyo siku aliyonikubali. Kisha akaufunika mguu, akainuka, akaingia ndani.

Nilitaka kulia. Nikakohoa.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimelitazama jambo hili kwa utulivu. Kosa si langu. Ni la kamera. Mtu huwezi kuvunja ndoa ya watu kwa sababu ya kifaa kinachogeuza pande! Hata hakimu angenielewa.

Didas alivuka barabara asubuhi kunipa pole. Kaniletea ndizi za kwao. Nikamwambia mke wangu kaenda kumsalimia mama yake, na asinisumbue. Ndizi nimezichukua.

Mpango ni huu. Nitaomba Bi Zubeda aniulize tena, na safari hii nitajua pande zote mbili. Ukurasa wa Raudha umemfungia Bwana Utulivu, kwa hiyo nimefungua akaunti mpya. Bwana Subira. Nitaifuatilia miguu yote watakayoweka, mmoja mmoja, mpaka nizoee. Na kwa kuwa nimo humo, wale akina dada wa singeli nao nimewapitia kidogo, kuwajulia hali.

Ilitakiwa picha. Maua sirudii, mimi si mjinga. Nimepiga picha mto wa kochi, ule uliotariziwa maua kwa uzi mwekundu. Mito kama hii iko kila nyumba. Safari hii hawezi kujua.