Malalamiko juu ya Keki Iliyofika Nzima

Kwako Bibi mwenye Duka la Keki,

Natumaini tanuri lako halijambo. Kuhusu akili za wafungashaji wako sitaki kuuliza.

Mimi ni mkaguzi mstaafu wa mizani na vipimo. Kwa miaka thelathini na mmoja nimekagua mizani ya wauza nyama na mitungi ya wauza mafuta, na sikuwahi kuandika barua ya hasira. Hii ni ya kwanza, itunze.

Yafaa ujue jambo lilipoanzia. Siku niliyoagwa kazini, mdogo wangu alikabidhiwa keki ailete kwa gari lake. Ukoo mzima humwita Breki, kwa sababu huikumbuka breki akiwa amekwisha kuchelewa. Aliiweka keki kwenye kiti cha mbele bila boksi, akaifunika gazeti. Ilipofika mbele ya wakubwa wangu, nusu yake ilikuwa imebaki kwenye dashibodi, na jina langu lilisomeka kwenye suruali yake. Badala ya kuniomba radhi alisema, "Kaka, unanuna nini? Si tumboni itavurugika vilevile?" Wakubwa wangu wakacheka. Huu ni mwaka wa tatu sijasema naye neno.

Mke wangu aliponichosha kwa kumwombea msamaha, niliweka sharti mbele ya ukoo: siku Breki atakaponiletea keki kama ile, ikafika mlangoni kwangu nzima, nitampa mkono. Niliweka sharti hilo kwa kulitegemea duka lako, Bibi, kwa kuwa ndilo pekee lipelekalo keki majumbani huku kwetu, na nilikuwa nimewaona madereva wako wa pikipiki. Sasa sikiliza ulivyonitenda.

1. Jumamosi ya kwanza keki aliyoiagiza Breki kwako ilifika imelala ubavu. Boksi liliizidi keki kwa sentimita sita kila upande. Nililipima kwa rula. Keki ilikuwa ikizunguka humo kama mgeni anayetafuta choo. Nilitia sahihi ya kuikataa, nikala chakula cha mchana kwa hamu.

2. Jumamosi ya pili mliifunika nailoni ikiwa bado ina joto la tanuri. Ikatoka jasho, krimu ikateremka, na kilichonifikia kingeweza kunywewa kwa mrija. Juu ya boksi mmeandika "Freshi kutoka Tanurini". Ni kweli. Hata tope huwa freshi mvua inaponyesha.

3. Jumamosi ya tatu dereva wako aliileta mgongoni, imesimama wima ndani ya mkoba. Nilipomwonyesha mshale wa boksi unaoelekeza upande wa juu, alinijibu, "Mzee, mshale mimi nimeuona. Mkoba ndio haukuuona." Nilimpenda kijana huyo. Nilijua kwamba sitapatana na Breki mpaka nazikwa.

4. Jumamosi iliyopita, bila taarifa yoyote, mliniletea keki nzima. Ilikuwa imepoa kabla ya kufungwa. Ilikuwa imegandishwa kwenye kibao cha kadibodi kwa tone la krimu, boksi likiikaa kama shati lililoshonwa kwa fundi, na vijiti vinne vikizuia kifuniko kisiguse maua. Kando yake kulikuwa na pakiti ya barafu. Mkoba haukuonekana, badala yake kulikuwa na sanduku lililofungwa kamba nyuma ya pikipiki. Nilitoa rula. Nilitafuta dosari kwa dakika arobaini, mke wangu amesimama nyuma yangu, amekunja mikono. Jina langu lilisomeka lote.

5. Nilimhoji dereva, naye akakiri. Breki alikuja dukani kwako siku tatu mfululizo baada ya kazi. Alikata kadibodi kwa mkono wake. Alipakia maboksi garini mwake, akazunguka mtaa akipiga breki makusudi, kisha akafungua kila boksi kutazama. Kwa hiyo mtu aliyeshindwa kubeba keki moja ndiye amewafundisha kazi ninyi mnaolipwa kuifanya, na hamkuona aibu kujifunza. Mngekuwa wazembe wa kweli mngemfukuza.

Kwa sababu hizo nadai yafuatayo. Kwanza, unipe cheti kwamba keki ile ilifika nzima kwa bahati mbaya. Pili, urudishe mara moja boksi pana, nailoni na mkoba. Tatu, kila keki itakayonunuliwa kwa ajili ya kupatanisha ndugu idondoshwe mara moja ngazini mbele ya shahidi, ili wazee wenye msimamo wasipoteze haki zao.

Wasalimu wafungashaji, msalimu dereva wa mkoba, na lisalimu tanuri, kwani ndilo pekee humo dukani linaloijua kazi yake tangu mwanzo.

Ni mimi nisiyeridhika,
Mkaguzi Mstaafu

Tanbihi: Barua hii nilikuwa sijaituma Breki alipobisha hodi jana. Nilimpa mkono, kwa kuwa sharti ni sharti. Alikula vipande vitatu, nami viwili. Mwisho wa mwezi naye anastaafu, hivyo niandalie keki kama ile, yenye jina lake. Usimtume dereva. Nitakuja kuichukua mwenyewe kwa gari la Breki, naye ndiye atakayeendesha. Keki nitaipakata mimi. Ule mtindo wa vijiti vinne usiubadilishe. Nitakuwa nimevaa suruali mpya.