Kisiwa Kisicho na Panya, Ila Wangu

Jumanne, 5 Agosti 2025

Siku mbaya sokoni. Donatus kahamishia meza yake mkabala na yangu kabisa. Hatua sita. Nimezipima. Anauza vibao vya gundi: panya anakanyaga, ananasa, basi. Hakuna ufundi wowote hapo! Mimi nauza Kiboko ya Panya, dawa ya unga wa rangi ya waridi niliyoibuni mwenyewe jikoni kwangu hapa Nyasubi.

Leo Donatus kawaambia wateja wangu kwamba tangu nianze kuuza dawa, panya wa Kahama wamenenepa. Watu wakacheka. Mama mmoja aliyekuwa keshashika pakiti yangu akairudisha mezani taratibu, kama anayemlaza mtoto wa mwenzake.

Ninachokosa ni ushahidi tu.

Jioni redio ikaniletea. Mhifadhi mmoja, mama anayeitwa Apolonia, alikuwa akieleza habari za Kisiwa cha Nyabuyege, ziwani huko upande wa Geita. Kisiwa kizima hakina panya hata mmoja! Zamani walikuwa maelfu, wakala mayai ya ndege mpaka ndege wakahama. Sasa ni mwaka wa sita hawapo. Wageni wanapokelewa, wachache wachache, wanalala siku mbili tatu.

Nikasimama na tonge mkononi. Waliwamaliza kwa kitu gani? Redio haikutaja jina la dawa. Basi kwa nini isiwe yangu?

Nitaenda. Nitapiga picha mbili, Kabla na Baada. Nitachapisha bango. Donatus atauza gundi yake kwa mafundi viatu.

Vumilia nimemwambia tunakwenda kuadhimisha miaka ishirini ya ndoa. Tangu nimuoe sijampeleka popote ila Kagongwa, na Kagongwa tulikwenda msibani.  Kisha akaingia chumbani, nikasikia anaimba. Sikujua anaimba vizuri hivyo. Nikajisikia vibaya kidogo. Imepita.

Alhamisi, 7 Agosti

Tatizo. Picha ya Baada ni rahisi: kisiwa, mimi, hakuna panya. Lakini ya Kabla inahitaji panya, na kisiwani hakuna. Mtu wa kawaida angekwama hapo.

Nitaondoka na panya wangu. Nimemkamata kwenye ghala la mpunga. Kwa dawa yangu ingechukua muda (dawa nzuri haina haraka), kwa hiyo nikamtuma jirani akanunue kibao cha gundi kwa Donatus. Nisingeweza kwenda mwenyewe! Nikamnasua kwa mafuta ya kula. Ni panya wa wastani, mwenye afya na jicho la dharau.

Watu wa kisiwani wametupigia simu kutoa masharti. Tusibebe mbegu, matunda, karanga, udongo kwenye viatu, wala kiumbe hai chochote. Vumilia kayaandika yote kwenye daftari na kuyapigia mstari. Kwenye "kiumbe hai" kapiga mistari miwili. Ana bidii isiyo ya lazima.

Panya nimemtia kwenye mdomo wa spika yangu ya sokoni, ile ya mkononi ya kuitia wateja, na kuuziba kwa kitambaa chepesi apate hewa. Karanga zake ziko ndani ya soksi, pea mbili. Kila kitu kimefikiriwa.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Watu wanashangilia kilimo, mimi nasafirisha panya.

Vumilia kavaa kitenge kipya. Kaniegemezea kichwa begani kuanzia Kakola mpaka Geita, nayo spika nimeikumbatia upande wa pili. Abiria wakauliza kama mimi ni mhubiri. Nikakubali. Wakaniomba niombee safari. Nikaomba, bila kuwasha spika.

Ufukweni, kabla ya kupanda boti, wanakuingiza kwenye chumba kilichozibwa kila tundu. Ndani kuna meza nyeupe na kijana mmoja anayeitwa Gregory. Alitupa shikamoo ya heshima sana, kisha akamwaga begi langu lote mezani. Akachomoa mbegu tatu za nyasi kwenye pindo la suruali yangu kwa kibano. Akasugua viatu vyangu mpaka vikawa vipya kuliko siku nilipovinunua. Akashika soksi. Karanga zikamwagika.

Vumilia akanitazama. Nikasema ni dawa ya tumbo. Gregory akauliza ni tumbo gani linalotibiwa kwa karanga za soksi. Nikasema ni la kurithi. Akazitwaa. Pea ya pili hakuigusa, maana ilikuwa mfuko wa nyuma wa suruali, nimeikalia.

Kisha spika. Nikaeleza kwamba ni ya kuombea msaada chombo kikizama. Akaipindua, akabonyeza kitufe cha king'ora. King'ora! Ndani ya chumba kilichozibwa! Vumilia alipiga kelele, Gregory akaziba masikio, akanisukumia spika na kuniambia kwa ishara niitoe nje.

Nimepita! Panya hakujitingisha hata kidogo. Nadhani tangu pale hajasikia kitu tena.

Jumamosi, 9 Agosti

Asubuhi Vumilia kaniambia jambo. Alilala usiku kucha akisubiri ile michakacho ya darini, haikuja. Kasema hajawahi kulala ndani ya kimya cha namna hiyo tangu azaliwe, kwao hata kwetu.

Apolonia akatutembeza. Mwanamke mrefu, wa makamo, anatembea kwa hadhari kana kwamba kuna mtoto amelala karibu. Nikaelewa kwa nini. Shakwe wanataga chini kabisa, mchangani, mayai mawili mawili, bila kiota cha maana. Hawamkimbii mtu. Mmoja alikuwa amelalia mayai yake hatua moja kutoka kiatu changu, akaniangalia tu. Apolonia akasema mwaka wa kwanza alihesabu viota saba kisiwa kizima. Mwaka huu vimepita mia nne. Vumilia akamuuliza maswali mengi mno. Kwa nini huyu ana kofia nyeusi? Dume naye analalia? Apolonia akamjibu yote, wakaishia kushikana mikono kama watu waliosoma pamoja.

Mchana, wote wakajipumzisha. Nafasi yangu! Nikaenda nyuma ya banda la jiko, nikaweka pakiti ya Kiboko ya Panya juu ya jiwe, nikaifungua, nikatega simu, nikatoa kitambaa.

Panya akatoka. Akapanda jiwe. Akaionja dawa. Akaendelea kuila! Nikapiga picha moja. Akajilamba, akateremka. Nikampigia kelele kwa spika. Hakugeuka hata shingo. Wala hakukimbia. Alitembea tu, akaingia majanini.

Vumilia alikuwa nyuma yangu. Alikuja kuniita chai.

"Baba Noela," akasema, "huyo ni nani?"

Nikasema simfahamu.

Akaangalia spika. Akaangalia kitambaa mkononi mwangu. Akauliza kama nitamwambia Apolonia mimi au atamwambia yeye. Nikamwomba tuipe dawa nusu saa ifanye kazi. Hakusubiri hata nimalize sentensi.

Apolonia hakunigombeza. Alikaa chini, pale pale mchangani, na magwanda yake yaliyopigwa pasi. Akauliza jambo moja tu: "Jike au dume?"

Nikasema sikuwahi kumuuliza.

Akasema kama ni jike mwenye mimba, mpaka Krismasi watakuwa mia, na miaka sita ya watu itakuwa imekwenda na maji. Aliyasema kwa sauti ya chini. Ningependelea angepiga kelele.

Jumapili, 10 Agosti

Kisiwa kimefungwa. Boti ya wageni imezuiwa. Mitego kila mahali, pamoja na vibao vilivyopakwa wino: panya akipita anaacha nyayo, wanajua anakoelekea. Gregory, aliyeletwa usiku kutoka ufukweni, anazunguka navyo tangu alfajiri. Vumilia anatambaa naye chini ya miiba, na kitenge kipya.

Mimi nimekatazwa kugusa kitu. Nikapendekeza Kiboko ya Panya itumike rasmi. Gregory akasema, kwa heshima zote mzee, keshaila na hajambo.

Nyayo zimeonekana karibu na viota.

Halafu mayai. Mawili, yametobolewa. Apolonia akayachukua kiganjani na kuyafunika kwa mkono wa pili, na yule shakwe mwenyewe amesimama pembeni, hajui aruke au akae. Vumilia akalia. Mimi nilikwenda nyuma ya jiko nikachunguza mti fulani kwa muda mrefu. Ni mti mzuri.

Mchana nikarudi na wazo: tumfukuze kwa kelele kuelekea mitegoni! Wakakubali, maana walikuwa wamechoka. Watu watatu, masufuria matatu. Tukambana kwenye mawe. Tukagonga mpaka ndege wa kisiwa kizima wakapaa. Panya alikuwa ameketi juu ya jiwe anasafisha sharubu zake. Alipomaliza akashuka upande wa pili.

Gregory akajiuliza kwa sauti ni panya gani huyu asiyeogopa kelele. Nilijua jibu. Nikagonga sufuria tena.

Vumilia hajazungumza nami tangu jana. Kanipa chakula, kageuka. Hata sahani kaiweka mbali kidogo, nikaivuta.

Jumatatu, 11 Agosti

NIMEMKAMATA!

Niandike kwa utaratibu. Kumepambazuka, nataka kuvaa. Nikanyoosha mkono kuchukua soksi, ile pea ya pili. Ikawa nzito. Ikapumua.

Panya alikuwa ndani, amelala chali juu ya maganda ya karanga, tumbo limevimba. Nikabana mdomo wa soksi kwa mikono miwili, nikapiga yowe ambalo naambiwa lilifika bara.

Wote wakaja. Apolonia akaichukua ile soksi, akatoka nayo nje kwenye mwanga, akafungua kidogo, akatazama. Tulisimama. Hata Gregory, ambaye ni mlokole, nilimsikia akisema jambo la ajabu kwa kunong'ona.

"Dume," akasema Apolonia.

Gregory akakaa chini. Vumilia akamkumbatia Apolonia, wakabaki hivyo wakicheka na kulia kwa pamoja. Mimi hakuna aliyenikumbatia. Nikawakumbusha kwamba aliyemkamata ni mimi. Kisha Apolonia akauliza zile karanga zilifikaje kisiwani. Nikainama kutafuta viatu.

Akaondoka na soksi, akarudi nayo tupu. Sikuuliza.

"Mzee Bujiku," akasema, "boti ni saa nne. Usisahau kitu. Na usiache kitu."

Nikafunga begi. Vumilia hakufunga la kwake. Akasema anabaki wiki nzima, vibao vya wino lazima viangaliwe kila siku mpaka wawe na hakika, na Gregory peke yake hatoshi. Apolonia keshakubali. Nikauliza: na mimi nitakula nini? Vumilia akasema anaamini unga wa rangi ya waridi bado upo nyumbani, na ameona kwa macho yake kwamba unashibisha.

Miaka ishirini, ni mara ya kwanza ananifanyia mzaha. Kwenye boti nilitaka kucheka, ila Gregory alikuwa ananitazama.

Jumatano, 13 Agosti

Bango limetoka. Kubwa, rangi nne. KISIWA CHA NYABUYEGE: KABLA. Picha ni ile moja niliyonayo, panya juu ya jiwe anakula dawa.

Watu walijaa! Donatus naye akaja, mikono nyuma. Akaitazama picha kwa utulivu wa mtu anayesoma barua ya mirathi. Akauliza ya Baada iko wapi. Nikasema inakuja. Akasema kwa jinsi panya huyo anavyoonekana, ya Baada itahitaji bango pana zaidi.

Sikuuza pakiti hata moja. Ila mtu mmoja wa Mwakitolyo anayefuga sungura ameulizia kama natoa kwa gunia.

Jumamosi, 30 Agosti

Vumilia yupo nyumbani tangu wiki iliyopita. Kaungua jua, anajua majina ya ndege kumi na tisa, na sasa anazungumza nami, hasa kuniambia nisogee.

Leo imefika bahasha kutoka kwa Apolonia. Karatasi mbili. Ya kwanza: hakuna nyayo mpya, kisiwa ni safi, shakwe wanaendelea kutotoa. Anamshukuru Mama Noela kwa moyo wote na anamwalika tena Desemba, yeye na mwenzake mmoja. Vumilia aliisoma mara tatu, akaenda kuisoma ya nne uani.

Ya pili inanihusu. Bujiku Mayala amepigwa marufuku maisha, na picha yake imebandikwa kwenye chumba cha ukaguzi, juu ya meza nyeupe.

Nimezisoma zote mbili kwa makini, kama mwanasheria. Huyo mwenzake mmoja hakutajwa jina popote! Na picha waliyonayo ni ya mtu asiye na ndevu. Nimeacha kunyoa tangu saa tano asubuhi. Nitaitwa Ngassa, binamu yake kutoka Isaka.

Panya sitambeba tena. Mimi si mtu wa kurudia kosa. Lakini Apolonia aliwahi kusema, nami nilisikia vizuri, kwamba kisiwani hakuna hata mende. Kiboko ya Mende! Unga ule ule, rangi ya bluu. Mende ni mwepesi, hana sauti, na mmoja anaenea vizuri kabisa ndani ya kalamu ukitoa wino.

Nimeshajaribu. Yumo humo tangu mchana na hajambo. Ndiyo maana leo nimeandika kwa penseli.