Ubao Huu, Mbao Hizi

Jumamosi, 12 Februari 2022. Micheweni.

Leo nimeona jambo ambalo sikulitarajia katika umri wangu. Ndoo zilizopasuka, madumu ya mafuta, kandambili zilizotemwa na bahari: vyote vimekuwa mbao. Mbao kweli! Zimenyooka, nzito, unene wa ngumi. Nimeugonga mmoja kwa bakora yangu, ukalia kama mlango wa msikiti. Subhanallah.

Wenye kazi hiyo ni akina mama wa mwani. Kiongozi wao ni Bi Mwatima. Wameyeyusha, wamemimina, wamepoza. Rangi haieleweki. Si kijani, si buluu, si zambarau. Bi Mwatima ameniambia kwamba alichanganya makusudi, kwa sababu hapa petu, tangu vyama vingi viingie, ubao wa rangi moja nusu ya kijiji isingeukanyaga. Akili gani hiyo!

Sasa balaa lake. Mbao hizo ni za kujengea njia ya kuvukia matope ya mikoko hadi pwani, na njia hiyo itaanzia mbele ya baraza ya jirani yangu, Mzee Ngwali. Si kwangu! Siku zote wanawake hawa hupita uani kwangu wakienda mwanini na wakirudi. Hunisalimu. Mimi hujibu, kisha huwasahihisha lugha. Wakihamia kwa Ngwali, nitamsahihisha nani? Mbuzi?

Ngwali ameshaanza kufagia baraza yake. Tangu uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi sijakubaliana naye hata juu ya kuandama kwa mwezi.

Kikao cha kijiji kilipoitishwa nilisimama nikasema kwamba njia ya zamani inatosha. Bi Mwanapili, naye ni wa mwani, akainua mkongojo wake, kila mtu akauona. Mwaka jana aliteleza kwenye mwamba ulio nyuma ya ua wangu, na kapu la mwani kichwani. Nikaeleza kwamba mwamba si wangu, ni wa Mwenyezi Mungu. Kikao kikafungwa kwa dua.

Mbao hizo lazima zishindwe.

Jumapili, 13 Februari.

Amefika mhandisi kutoka Chake Chake. Ni Shatha! Mwanafunzi wangu mwenyewe wa darasa la saba. Amevaa kofia ngumu juu ya mtandio. Akanisalimu, "Shikamoo, Maalim," kwa sauti ileile ya kujibu mahudhurio.

Amezilaza mbao mbili sambamba juu ya matofali, zikiwa zimevuka shimo la upana wa njia. Akafunga uzi wa kupimia chini ya kila mmoja. Kisha wakaanza kuzipakia magunia ya mchanga uliorowa. Masharti ni haya. Zikivunjika, hakuna njia. Zikinepa na zisirudi kunyooka mzigo ukiondoka, hakuna njia, na mashine ya kuyeyushia itapelekwa kwa kikundi cha Makangale. Bi Mwatima aliposikia Makangale alishika kifua.

Ngwali, mkononi ana kikombe cha kahawa, akasema, "Mbao hii haivunjiki, wallahi." Mbao hii! Nikamwambia: ubao huu, mbao hizi. Akasema yeye hakuja mtihanini. Shatha peke yake ndiye aliyekuwa akisema "ubao huu umenepa" na "mbao hizi zimenepa", bila kukosea hata mara moja. Ilibidi nigeuke, nijifanye kwamba mchanga umeniingia machoni.

Kuhusu kunepa kwenyewe sina maneno ya kutosha. Gunia baada ya gunia, mbao zile ziliinama polepole, bila mlio, kama watu walio katika rukuu. Akina mama waliacha kupiga soga. Kitu kilichokuwa kandambili jana leo kinainama kwa adabu kuliko watu wengi ninaowajua.

Lakini lazima zishindwe.

Jumatatu, 14 Februari.

Nimepata hila. Plastiki inaogopa jua. Beseni nililoliacha juu ya paa kaskazi iliyopita lilijikunja likawa kama sikio. Basi mchana, akina mama walipokuwa pwani na Ngwali amelala, nilichukua turubali langu jeusi nikazifunika mbao pamoja na magunia yake. Nyeusi hunywa jua. Nilijipongeza kwa Kiarabu.

Nilirudi baada ya sala ya alasiri. Ubao ulikuwa wa moto kama kikaango, nao umenepa kupita uzi wa jana. Nilifurahi. Papo hapo nikaona huruma, sijui kwa nini. Nikaupapasa.

Hapo ndipo aliponikuta Bi Mwatima. Nilitafuta uongo wenye sarufi safi, lakini hakuningoja. Akapiga kigelegele! Kumbe Shatha alikuwa amepiga simu tangu asubuhi, akitaka zifunikwe kwa kitu cheusi ili zijaribiwe katika joto la kaskazi, na Bi Mwatima amezunguka maduka yote bila kupata turubali. Akawaita wenzake waje waone Maalim alivyojitolea. Wakanishukuru mmoja mmoja, hata Bi Mwanapili.

Ngwali naye akaamka kwa kelele. Akasema, "Kumbe weye mtu wa maendeleo! Miye siku zote nakudhania vyengine."

Sijawahi kutukanwa hivyo.

Jumanne, 15 Februari.

Shatha ameamuru mzigo uondolewe. Nilikwenda mapema nipate nafasi ya mbele. Ngwali alikuwa ameshaikalia. Nikakaa ubavuni pake, kwa kuwa hapakuwa na kivuli kingine.

Magunia yakashushwa. Mwanzo mbao hazikutikisika. Zilibaki zimeinama, nami nikasema moyoni, hizo zimekwisha, Makangale hiyo. Kisha zikaanza. Huwezi kuona zikisogea. Unautazama uzi, unautazama ubao, unapepesa macho, na nafasi kati yake imebadilika. Ngwali aliisahau kahawa yake ikapoa. Ilipofika adhuhuri, mbao zote mbili zilikuwa zimenyooka. Rukuu, kisha itidali! Bi Mwatima alilia wazi, wala hakujifuta. Nimeishi miaka mingi, nimeona umati wa uwanja wa Gombani siku ya fainali, sijaona kitu kilichoninyamazisha kama hicho.

Limebaki jaribio moja, la watu. Shatha alipokuwa akipanda gari kurudi Chake Chake aliagiza: "Kesho asubuhi pandisheni watu sita juu ya mbao. Nitafika adhuhuri kuzikagua."

Gari likaondoka, ugomvi ukaanza. Juu ya ubao mmoja, au juu ya zote mbili? Bi Mwatima alisema mmoja. Bi Mwanapili alisema mbili. Simu ya Shatha haipatikani. Basi wakaamua kumuuliza mwenye lugha yake.

Wamekuja kwangu! Barazani! Wamekaa chini, wanangoja fatwa ya sarufi. Nimeingoja siku hiyo tangu nistaafu.

Jibu nalijua kama Alhamdu. Shatha hajakosea upatanisho tangu darasa la saba. Mbao ni wingi. Alisema "mbao", akasema "kuzikagua". Ni mbili. Lakini watu sita juu ya mmoja, hapana ubao utakaohimili. Ukivunjika, watadondokea mchanga mwororo, kina cha goti tu. Hataumia mtu; itaumia heshima ya Ngwali tu.

Nikakohoa. Nikawaambia kwamba katika mazungumzo ya kawaida mbao ni moja. Mbao hii. Ulimi wangu ulikuwa mchungu kama shubiri.

Jumatano, 16 Februari.

Nitaandika kwa utaratibu.

Asubuhi walipanda watano juu ya ubao mmoja, bega kwa bega: Bi Mwatima, wenzake watatu walio wanene kwa neema ya Mungu, na Ngwali. Ubao ukanepa kwa namna ya kutisha. Mtu wa sita hakuna, maana wengine wako mwanini na Bi Mwanapili ana mkongojo. Bi Mwatima akaangaza macho huku na huku, akaniona.

Nikasema nina kizunguzungu. Nikasema sijala. Bi Mwanapili akasema, "Panda, Maalim. Si umesema mwenyewe mbao ni moja?"

Nikapanda. Chini ya nyayo zangu nilihisi ubao ukishuka, ukishuka, kama lifti niliyoipanda mara moja Dar es Salaam. Nilimshika mkono Ngwali. Au yeye alinishika. Kumbukumbu hapa zinatofautiana. Nikasoma shahada. Wanawake wale wenye masihara yao wakaanza kucheka, na kicheko chao kikautikisa ubao, nao ukatuinua na kutushusha, wote sita, vyama vyote, kama mtu anayebembeleza mtoto.

Haukuvunjika! Tulisimama pale mpaka Bi Mwanapili alipomaliza kusoma Yasini. Tuliposhuka, ubao ukaanza safari yake ya kurudi, taratibu. Nilikaa chini nikauangalia mpaka mwisho.

Shatha alipofika akashika kichwa. Watu sita kwa ubao mmoja? Yeye alisema mbao! Nani aliyewaambia kuwa mbao ni moja?

Vidole vyote vikaniangukia.

Shatha alinitazama kwa huzuni, kama nilivyokuwa nikimtazama Ngwali. Kisha akapima uzi, akapima tena, akatangaza kwamba ubao uliobeba maradufu hauna haja ya jaribio jingine. Njia itajengwa.

Nilipokuwa nikirudi nyumbani, sauti zilinifuata uchochoro mzima. "Maalim, nyumba hii au nyumba hizi?" "Maalim, kanzu zako zimechafuka, au imechafuka?"

Ijumaa, 18 Februari.

Mwani ulivunwa leo, na hakuna aliyepita uani. Wamepita kwa Ngwali, kuonyeshana pale njia itakapoanzia. Nimesikiliza kwa mbali. Nimesikia upatanisho wa ngeli ukivunjwa na hakuna wa kuuokoa.

Jumamosi, 19 Februari.

Bi Mwatima amebisha hodi. Akasema Shatha hakubali mbao zilizojaribiwa zitiwe njiani, kwa sababu zimeshateswa vya kutosha. Basi wamezigeuza benchi: ubao mmoja wa kukalia, mmoja wa kuegemea. Wameliweka pale njia itakapoanzia, nje ya baraza ya Ngwali. Ni langu na Ngwali, wawili sisi. Akasema wameshazoea kusahihishwa asubuhi. Bila hivyo hata mwani haufungiki vizuri kambani. Bi Mwanapili, nyuma yake, akaongeza kwamba ijapokuwa sarufi yangu imenepa, bila shaka itarudi kunyooka.

Nimekwenda, nimekaa. Ubao ukanipokea kwa kunepa kidogo, kama unaonijua. Wanawake wakapita na makapu, wakasalimu mmoja mmoja. Nikawasahihisha watatu kabla ya adhuhuri. Ngwali akanimiminia kahawa. Kutoka pale mikoko yote inaonekana, na maji yanavyoingia. Allahu Akbar, sikuwahi kujua kama upande huu una uzuri huo.

Hata hivyo, benchi halikukaa mahali pake. Likisogezwa hatua moja kila siku kuelekea kwangu, kufikia Ramadhani litakuwa uani mwangu, wala hakuna atakayetambua. Nimejaribu leo Ngwali alipoingia ndani. Zito! Halikutikisika.

Kesho nitamwomba Ngwali alishike upande wa pili.