Sanduku la Fundi Kitasa Linasusa

Chini ya jua hili hajazaliwa mwizi wa kumwibia Fundi Kitasa! Tunalijua hilo kwa sababu alikuwa akituambia mwenyewe, kila siku, bila kuulizwa. Alikuwa fundi wa makufuli na vitasa, jina lenyewe linasema, na kwa madai yake hata mauti yakimjia itabidi yapige hodi na kusubiri.

Basi Jumanne moja mfalme huyo wa funguo alipanda juu ya stuli kufunga kitasa cha mlango wa bohari. Kitasa kilikaa vizuri. Stuli ndiyo iliyokataa. Fundi akaporomoka kama gunia la viazi, mkono wa kushoto ukavunjika mahali pawili, na madaktari wakautia vyuma na kuufunga plasta kuanzia vidoleni hadi juu ya kiwiko.

Siku ya kuruhusiwa, asubuhi, mfamasia alimkabidhi chupa ya vidonge vya maumivu mbele ya mkewe.

"Dawa hii ni kali," akasema. "Kidonge kimoja kila baada ya saa nane, basi. Meza cha kwanza sasa hivi, saa mbili. Cha pili saa kumi. Ifungie mahali ambapo mtoto hafiki, na..."

Mfamasia aliendelea kusema mengine, tena ya maana sana, kwamba asimtangazie mtu kuwa anayo. Kitasa hakuyasikia. Neno "ifungie" lilipomwingia, masikio yaliziba kwa furaha.

"Dada yangu," akamwambia, "kunifundisha mimi kufunga ni kumpelekea muuza chumvi chumvi!"

Na kusema kweli, nyumba ile ilihitaji kufuli. Bintiye wa mwaka mmoja na nusu, ambaye wote walimwita Mpelelezi, hakuwa akichunguza vitu kwa macho. Alivichunguza kwa mdomo. Mwezi ule peke yake alikuwa ameshachunguza vifungo vitatu, kipande cha sabuni na kona nzima ya bili ya umeme.

Kitasa akaagiza aletewe sanduku lake la maonyesho kutoka dukani. Lilikuwa na uso wa chuma unaong'aa, ukubwa wa redio ya kizamani, na halikuwa na tundu la ufunguo. Kulifunga ni kusukuma kifuniko tu, ka! Kulifungua ni elimu nyingine. Lilikuwa na vidude viwili, kimoja ubavu wa kulia na kimoja ubavu wa kushoto, na jinsi ya kuvitumia hakumwambia mtu, hata mkewe. Tena ndani alikuwa amefunga mashine ya saa ya mezani. Ukikosea mara tatu, sanduku linasusa! Saa nzima halifunguki, uje na nyundo, uje na machozi.

Akatia chupa ndani. Ka! Mkewe, ambaye ni mwalimu, akaenda kazini roho imetulia.

Nyumbani alibaki mama mkwe, aliyekuja kumsaidia kulea. Mama huyo alikuwa amepika katika shule ya bweni miaka thelathini, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Mkwewe alikuwa na maneno ya kuwatosha wote wawili. Alikaa kibarazani, sanduku mapajani, akimwita kila anayepita.

"Jirani! Unaona hili? Ndani kuna dawa ya hospitali inayoweza kumlaza ng'ombe! Iko humu humu. Nani ataitoa?"

Kinyozi wa nyumba ya pili akasogea haraka. "Kumlaza ng'ombe? Hebu nipunguzie kimoja, fundi. Mgongo wangu huu..."

"Haigawiwi! Lakini saa kumi kamili njoo uone linavyofunguka. Lete na watu!"

Mama mkwe alikuwa akipepeta mchele mlangoni. "Mwanangu, mbona dawa unaipigia mnada?"

"Mama, waache wajue. Wakijua watafanya nini?"

"Mimi nimetunza sukari, wanafunzi mia nne wakiitolea macho. Haijapungua hata kijiko."

"Ulitumia kufuli la aina gani?"

"La kawaida tu. Nililinda kwa mdomo. Nilinyamaza."

Kitasa akacheka mpaka mkono ukamuuma.

Ilipofika saa tisa na nusu mkono ulikuwa unamuuma bila kicheko. Dawa ya asubuhi ilikuwa imeaga, na maumivu yalipanda kutoka kiganjani mpaka shingoni kama mtu anayerudi kwake. Saa kumi kasoro dakika tano fundi aliingia sebuleni, akaliweka sanduku mezani, akashika kidude cha kulia. Kisha akauamuru mkono wa kushoto ushike kidude cha kushoto.

Mkono wa kushoto ulikuwa ndani ya plasta, umelala kama mgeni wa heshima.

Hapo jasho likamtoka. Maana siri ya sanduku ilikuwa hii: cha kushoto unakibonyeza, na bila kukiachia unazungusha cha kulia mara tatu. Mikono miwili, kwa wakati mmoja! Siku alipolibuni alijisifu kwamba hakuna mwizi atakayewaza hilo. Mwizi hakuwaza. Na yeye mwenyewe hakuwaza.

Akajaribu kidevu. Akakikandamiza kidude cha kushoto kwa kidevu, akazungusha moja, mbili, kidevu kikateleza. Trrr! Kosa la kwanza.

Akajaribu mguu. Akalala chali sakafuni, akalikumbatia sanduku, akabonyeza kwa dole gumba la mguu. Moja, mbili...

"Mwanangu," ilisema sauti ya mama mkwe kutoka mlangoni, "unapigana nalo au unalibembeleza?"

Dole likashtuka. Trrr! Kosa la pili.

Na hodi ikapigwa. Kinyozi ameingia! Hakuja peke yake: alikuja na mteja, shuka la kunyolea limemzunguka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado.

"Tumewahi?" akauliza mteja.

Kitasa aliinuka, akajipangusa kwa mkono mmoja. Maumivu yalimpiga hadi machozi yakamlengalenga, lakini aibu ilikuwa mbele yake zaidi. "Mama," akasema kwa sauti ya mkurugenzi, "nisaidie kubonyeza hapa. Ila ufumbe macho. Ni siri ya kazi."

Mama mkwe akafumba macho. Akabonyeza.

Moja. Mbili. Na papo hapo Mpelelezi akatambaa chini ya meza, akakiona kisigino cha bibi yake, akakichunguza. Kwa meno yote sita!

"Uwiii!" Mkono ukaruka. Trrr, trrr, ko!

Ndani ya sanduku saa ikaanza kutembea, ti ti ti, bila haraka.

"Ndiyo limefunguka?" akauliza mteja.

"Limesusa," akasema Kitasa. "Saa nzima." Akaketi chini, akaegemea ukuta, na mfalme wa funguo akalia machozi ya kweli. Mkono ulikuwa unamuuma jamani! Dawa iko shubiri moja kutoka puani pake, na anayemnyima ni yeye mwenyewe.

Mama mkwe alimwonea huruma. Akamweka mjukuu kiunoni, akaenda jikoni, akarudi na kisu cha kumenyea. Akaligeuza sanduku kichwa chini, miguu juu.

"Mwanangu, huku chini ni chuma?"

Kitasa akafuta pua. "Huko... ni plaiwudi. Chuma kiliisha."

Misumari minne, midogo midogo. Mama mkwe akapenyeza ncha ya kisu, akabandua mara moja, ubao ukatoka kama mfuniko wa sufuria. Chupa ikadondokea kiganjani mwake. Hesabu ya haraka: muda wa kupiga chafya mbili.

Mteja akapiga makofi chini ya shuka.

Mama akasoma karatasi ya chupa neno kwa neno, akatoa kidonge kimoja na glasi ya maji.

"Nipe viwili, mama," Kitasa akaomba. "Kimoja cha maumivu, kimoja cha aibu."

"Cha aibu hakijaandikwa."

"Na mimi mama, mgongo..." kinyozi akaanza.

"Mgongo wako nao haujaandikwa. Nenda hospitali, na huyu kammalizie kichwa."

Wakatoka. Mama mkwe naye akatoka na chupa, akapita ukumbini, mlango mmoja ukalia, funguo zikalia, akarudi mikono mitupu na kuendelea na mchele wake kana kwamba duniani hakujawahi kuwa na vidonge. Mkwewe akalala usingizi mzito.

Usiku, saa sita barabara, akaamshwa. Mama mkwe amesimama kando ya kitanda, glasi mkononi, mke wa Kitasa nyuma yake akijizuia kucheka.

"Mama," Kitasa akanong'ona, "wewe na mwanao ndio mnajua. Nami ndiye mgonjwa. Dawa mmeificha wapi?"

"Mahali salama."

"Salama wapi?"

"Nikikwambia wewe, baba, nimeuambia mtaa mzima."

Kitasa akafungua kinywa ajitetee. Mama mkwe akakitia kidonge.